Sura ya Tano: Ndiyo Iliyofutwa

Tarehe 3 Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Dakota Kusini walifanya jambo ambalo hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa limewahi kulifanya. Siku moja, kwenye karatasi moja ya kura, waliruhusu bangi kwa wagonjwa na bangi kwa starehe. Ya wagonjwa ilipita kwa karibu asilimia 70, ya starehe kwa asilimia 54. Karatasi hiyohiyo ilimpa Donald Trump karibu asilimia 62 ya kura za urais za jimbo hilo. Ukizipanga hesabu hizo unaona wazi kwamba maelfu ya watu walimpigia Trump, wakashuka chini ya karatasi, wakaipigia na bangi.

Novemba 2024 jimbo lilelile liliulizwa tena habari ya bangi ya starehe, na karibu asilimia 56 wakasema hapana. Katikati ya ndiyo ile na hapana hii kuna kesi, amri ya gavana, hukumu ya Mahakama ya Juu, kabila lililofungua duka lake, na kura nyingine iliyoanguka mwaka 2022. Katika miaka yote hiyo minne, hakuna hata mtu mzima mmoja aliyenunua bangi ya starehe katika duka lenye leseni ya jimbo.

Nimeichagua Dakota Kusini kwa sababu ni jimbo dogo, na katika jimbo dogo mambo huonekana. Pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito. Pande zote mbili pia zilitafuta njia ya mkato ili zisilazimike kumshawishi jirani. Walioitaka bangi waliifungia ndani ya katiba pamoja na mambo mengine ili wabunge wasiiguse. Walioipinga walikwenda mahakamani kufuta kile walichoshindwa kwenye kura. Gharama ya njia hizo za mkato haikuwaangukia wanasheria wala wanasiasa. Ilimwangukia raia wa kawaida anayesimamishwa barabarani akiwa na msokoto mfukoni.

Jimbo linalojitungia sheria

Sensa ya 2020 iliwahesabu watu 886,667 katika Dakota Kusini nzima. Upande wa mashariki ni mashamba ya mahindi na soya, upande wa magharibi ni malisho ya ng'ombe, na Mto Missouri unapita katikati. Tangu 1979 hakuna gavana wa chama cha Democrat aliyekaa madarakani. Makanisa yana nguvu, sherifu ni mtu anayeheshimika, na neno "uhuru" liko mdomoni mwa kila mgombea.

Lakini ndilo jimbo la kwanza Marekani, mwaka 1898, kuandika katika katiba yake haki ya wananchi kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwenye sanduku la kura bila kungoja wabunge. Wazo hilo huhusishwa zaidi na padri Mkatoliki wa mji wa Aberdeen, Robert Haire, aliyesimama upande wa wakulima na wafanyakazi. Zaidi ya karne moja baadaye haki hiyo bado inatumika kwa bidii, na mara kwa mara inawashangaza watu wa nje. Mwaka 2006 na tena 2008 wapiga kura walikataa sheria za kupiga marufuku utoaji mimba. Mwaka 2022 waliidhinisha upanuzi wa bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, jambo ambalo viongozi wao walilikataa kwa miaka.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema Dakota Kusini ni ya wahafidhina, kubali, kisha uliza: wanahifadhi nini? Wapo wanaohifadhi maadili ya kanisa na utulivu wa mji. Wapo wanaohifadhi haki ya mtu kuachwa na serikali aendeshe maisha yake. Katika mambo mengi makundi hayo mawili hupiga kura pamoja. Bangi iliyatenganisha.

Mgawanyiko huo haukuzuka ghafla. Mwaka 2006 hoja ya bangi ya wagonjwa ilianguka kwa tofauti ndogo, asilimia 52 dhidi ya 48. Mwaka 2010 ilianguka vibaya zaidi, asilimia 63 wakiikataa. Miaka kumi baadaye hoja ya aina hiyohiyo ikapita kwa karibu asilimia 70. Kati ya hapo Colorado na Washington zilikuwa zimefungua njia mwaka 2012, na watu waliona kwamba majimbo hayo hayakuanguka. Wengi pia walikuwa na ndugu anayeugua saratani au kifafa ambaye walimsikia akisema bangi inampunguzia mateso.

Kwa nini waliikimbilia katiba

Anayeisoma hoja ya bangi ya starehe ya 2020, iliyoitwa Marekebisho A, atajiuliza mara moja: kwa nini sheria ya bangi iwekwe ndani ya katiba? Katiba ni mahali pa haki za raia na mipaka ya madaraka. Gramu na leseni za maduka si vitu vya kuwekwa humo.

Jibu liko mwaka 2016. Mwaka huo wapiga kura walipitisha sheria ya kudhibiti rushwa, zawadi kwa wanasiasa na fedha za kampeni. Ilipita kwa tofauti ndogo. Wabunge wa Republican waliipeleka mahakamani, kisha Februari 2017 bunge likaifuta na gavana Dennis Daugaard akatia saini. Waliifuta kwa kifungu cha dharura, na sheria iliyopitishwa kwa dharura hairudishwi kwa wananchi kupigiwa kura. Somo lilieleweka hata kwa wasioijali rushwa: sheria ya kawaida inayotoka kwa wananchi inaweza kufutwa na wabunge miezi michache tu baada ya kupita. Katiba haifutiki hivyo.

Basi watetezi wa bangi wakaichagua katiba, ingawa njia hiyo ni ghali zaidi. Kwa uchaguzi wa 2020, sheria ya kawaida ilihitaji saini halali 16,961. Marekebisho ya katiba yalihitaji mara mbili yake, 33,921. Walizipata.

Ila kulikuwa na mlango mwingine uliokwisha kufungwa. Mwaka 2018 bunge lilipeleka kwa wananchi pendekezo kwamba kila marekebisho ya katiba yahusu jambo moja tu, na wananchi wakalikubali. Hoja yake ilikuwa ya haki: mpiga kura asilazimishwe kumeza asichokitaka ili apate anachokitaka. Waandishi wa Marekebisho A walikijua kifungu hicho. Hata hivyo walitia ndani ya hati moja bangi ya starehe, leseni, kodi ya asilimia 15, amri kwa bunge kutunga sheria ya bangi ya wagonjwa, na amri nyingine kuhusu hempi, yaani mbangi wa kiwandani usiolevya unaolimwa kwa nyuzi na mafuta.

Hempi iliingizwa kwa sababu ya jeraha bichi. Mwaka 2019 bunge lilipitisha muswada wa kuruhusu kilimo chake, na gavana mpya, Kristi Noem, akaukataa. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba polisi barabarani hawezi kwa macho kutofautisha hempi na bangi, na kwamba hempi ingeifungulia bangi mlango. Alikubali mwaka uliofuata. Watetezi hawakutaka kumtegemea tena, wakayafunga yote ndani ya katiba. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na ndivyo ilivyokuwa.

Hoja zilizokuwa mezani

Mwandishi mkuu wa Marekebisho A hakuwa kijana wa kijiweni. Brendan Johnson alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu katika jimbo hilo kuanzia 2009 hadi 2015, na baba yake, Tim Johnson, alikuwa seneta. Alikuwa amewapeleka watu mahakamani kwa dawa za kulevya na aliijua kazi hiyo kutoka ndani. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba dola inatumia polisi, mahakama na jela kwa jambo lisilostahili nguvu hizo, na kwamba rekodi ya jinai inamfuata mtu kila anapoomba kazi au nyumba.

Sheria yenyewe iwekwe mezani isomwe. Katika Dakota Kusini, mtu anayekutwa na wakia mbili au chini ya hapo, yaani gramu 56 na kidogo, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja katika jela ya kaunti na kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Si lazima akutwe nayo mkononi. Jimbo hilo lina sheria inayoruhusu kumshtaki mtu kwa kile kilichokwisha kuingia mwilini mwake, kikathibitishwa na kipimo cha mkojo. Na mafuta mazito ya bangi yanayovutwa kwa kalamu ya mvuke huhesabiwa kosa kubwa la jinai, hata kama kilichomo ni matone machache.

Adhabu hizi haziwaangukii wote kwa kipimo kimoja. Wamarekani wa asili ni karibu asilimia 9 ya watu wa jimbo hilo, lakini katika magereza yake wanafikia takriban theluthi moja. Bangi peke yake haielezi pengo hilo. Hata hivyo, kukamatwa kwa kosa dogo ni mlango ambao wengi huingilia, na ukiisha kuingia katika faili la polisi, kutoka ni kazi.

Upande wa pili nao ulikuwa na watu wazito. Chama cha wafanyabiashara cha jimbo kilipinga, kikihofia usalama kazini: mwendesha trekta au fundi wa mashine aliyelewa anaweza kumuua mwenzake. Masherifu walisema hakuna kipimo cha pumzi kinachoonyesha ulevi wa bangi kama kile cha pombe, na kwamba THC, kemikali ya bangi inayolevya, hubaki katika damu na mkojo muda mrefu baada ya ulevi kwisha, kwa hiyo hata kumshtaki dereva kwa haki ni vigumu. Noem alitokea katika tangazo la kupinga, akasema hajawahi kukutana na mtu aliyeongezeka akili kwa kuvuta bangi.

Anayeitetea bangi kwa nia njema hana budi kuzipokea hoja hizi kwa uzito. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti kubwa kuhusu bangi na afya. Zilikuta ushahidi mzuri kwamba bangi husaidia baadhi ya maumivu sugu kwa watu wazima. Zilikuta pia kwamba matumizi yake yanahusiana na ajali za barabarani na magonjwa ya akili yenye kupoteza uhalisia, na hatari huongezeka kadiri matumizi yanavyoongezeka. Bangi inayouzwa leo ina nguvu kuliko ile ya miaka ya 1970. Mzazi wa mji wa Rapid City anayehofia mwanawe wa miaka 16 hasukumwi na ushamba. Anahofia kitu kilichopo.

Lakini hoja ya maadili ilikuwa na ufa wake. Jimbo hili liliruhusu kamari katika mji wa Deadwood mwaka 1989, na mwaka huohuo likaanza kuendesha mashine za bahati nasibu zilizojaa kwenye baa na vituo vya mafuta. Siku ileile ya Novemba 2020, wapiga kura waliruhusu pia ubashiri wa michezo huko Deadwood. Pombe inauzwa kila kona. Na mwaka huohuo gavana Noem alijipatia sifa nchi nzima kwa kukataa kuwalazimisha watu kuvaa barakoa wakati wa Korona, akisema raia wanaweza kuaminiwa kufanya uamuzi wao wenyewe. Wapiga kura wengi waliuchukua msemo huo kwa moyo mkunjufu, wakautumia pia kwa bangi. Kama mtu mzima anaaminiwa kuhusu mapafu yake katika janga, kwa nini asiaminiwe jioni kibarazani kwake?

Kesi

Tarehe 20 Novemba 2020, siku 17 tu baada ya kura, sherifu wa Kaunti ya Pennington, Kevin Thom, na mkuu wa polisi wa barabara kuu, Kanali Rick Miller, walifungua kesi wakitaka Marekebisho A yabatilishwe. Januari iliyofuata Noem alitoa amri rasmi akieleza kwamba Miller alifungua kesi kwa maelekezo yake na kwa niaba yake. Serikali ya jimbo ikajikuta pande zote mbili: gavana akitaka kura ifutwe, na ofisi ya mwanasheria mkuu ikiitetea kwa sababu ndiyo kazi yake.

Februari 2021 jaji Christina Klinger, aliyeteuliwa na Noem miaka miwili nyuma, aliyabatilisha marekebisho. Rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo. Tarehe 1 Julai 2021, siku ambayo bangi ya starehe ilipaswa kuwa halali, ilipita watu wakingoja. Hukumu ilitoka tarehe 24 Novemba 2021, mkesha wa sikukuu ya Shukrani: majaji wanne dhidi ya mmoja walisema Marekebisho A yana mambo matatu tofauti, yaani bangi ya starehe, bangi ya wagonjwa na hempi, kwa hiyo yanavunja kanuni ya jambo moja.

Ndani ya hukumu hiyo kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mahakama ilikubali kwamba sherifu na kanali, kama maofisa wa polisi, hawakuwa na haki ya kuishtaki katiba ya jimbo lao. Kesi ilinusurika kwa sababu ya ile amri ya gavana, iliyochukuliwa kuwa ameifanya kesi kuwa yake. Bila karatasi hiyo, kura za watu 225,260 zingebaki na nguvu. Jaji Scott Myren, aliyepinga peke yake, aliona hati nzima kuwa mpango mmoja wa kushughulikia bangi na vinavyohusiana nayo, tangu kuilima hadi kuiuza.

Nimezisoma hoja za pande zote, na naamini majaji wanne walikuwa na msingi wa kisheria. Kanuni ya jambo moja ilipitishwa na wananchi wenyewe, nayo ni sehemu ya katiba. Lakini kuwa na haki mahakamani hakumwondolei kiongozi wajibu wake kwa watu. Noem angeweza kuipokea hukumu na siku ya pili kuliita bunge, akasema: watu wengi wamesema wanataka hili, tulitungie sheria iliyo safi. Hakufanya hivyo. Februari 2022 seneti, ambayo karibu yote ilikuwa ya Republican, ilipitisha muswada wa kuhalalisha bangi kwa kura 18 dhidi ya 17. Ulipofika baraza la wawakilishi ukafia huko.

Duka la Flandreau

Wakati jimbo likibishana, kulikuwa na watu waliokuwa na sheria zao. Kabila la Flandreau Santee Sioux lina ardhi yake kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya mji wa Sioux Falls. Mwaka 2015, baada ya wizara ya sheria ya serikali kuu kutoa waraka uliokuwa kama unawaruhusu wenyeji wa asili kujiamulia, baraza la kabila liliruhusu bangi na kupanga ukumbi wa starehe ufunguliwe mkesha wa mwaka mpya. Mimea ilikwisha kukua. Novemba mwaka huo, baada ya mazungumzo yenye vitisho na maofisa wa serikali kuu, kabila liliichoma yote.

Hawakukata tamaa. Tarehe 1 Julai 2021, siku sheria ya bangi ya wagonjwa ilipoanza kutumika, kabila lilifungua duka, la kwanza katika mipaka ya Dakota Kusini. Serikali ya jimbo haikuwa tayari hata na fomu za maombi. Wagonjwa wasio wa kabila walikuja, wakapewa kadi za kabila, na polisi wa jimbo wakatangaza kwamba kadi hizo hazitatambuliwa zikiwa mikononi mwa wasio wa kabila. Basi mtu alinunua dawa kihalali kwenye ardhi ya kabila, akavuka mpaka usioonekana kati ya shamba na shamba, akawa mhalifu.

Upande wa pili wa jimbo, kwenye ardhi ya Oglala Sioux huko Pine Ridge, watu walipiga kura Machi 2020. Waliikubali bangi ya wagonjwa na ya starehe, na siku hiyohiyo wakakataa pombe iuzwe katika kasino ya kabila. Watu hawa wamezika vizazi kwa sababu ya pombe. Walitofautisha kilevi na kilevi kwa kuangalia madhara waliyoyaona kwa macho yao, na kura yao ilikuwa na hekima ambayo kampeni za matangazo hazikuifikia.

Mara ya pili, mara ya tatu

Baada ya hukumu, watetezi walirudi na sheria ya kawaida. Kwa kuogopa tena kanuni ya jambo moja, waliinyoa mpaka ikabaki mifupa: kumiliki na kutumia hadi wakia moja na, kwa masharti, mimea michache. Leseni hazikuwamo. Kodi haikuwamo, wala ile nusu ya mapato ambayo Marekebisho A yalitaka iende kwenye shule za umma. Kanuni zote ziliachiwa bunge, lile lile lililokwisha kuonyesha halitaki.

Ndipo wapinzani wakapata hoja bora kuliko zote: mnaombwa kuruhusu kitu bila kuambiwa kitauzwa wapi, na nani, na kwa ulinzi gani kwa watoto. Novemba 2022 asilimia 53 walikataa, na Noem akachaguliwa tena kwa asilimia 62. Mwaka 2024 hoja ilirudi ikiwa na wakia mbili na, tena, ruhusa ya kupanda nyumbani, bado bila maduka. Ikaanguka zaidi. Siku hiyohiyo Dakota Kaskazini ilikataa, na Florida ilishindwa kufika asilimia 60 inayotakiwa huko, ingawa kampuni moja ya bangi ilikuwa imemimina zaidi ya dola milioni 100 na Trump mwenyewe alisema ataiunga mkono.

Wapo waliohitimisha kwamba wahafidhina wa Dakota Kusini walijutia kura ya 2020. Sikubaliani nao. Juni 2022, miezi mitano kabla ya kukataa bangi, watu haohao waliulizwa kama hoja za wananchi zinazohusu kodi au matumizi makubwa zipitishwe kwa asilimia 60 badala ya nusu. Asilimia 67 walikataa. Walikuwa wanalinda haki yao ya kusema. Kilichobadilika ni swali lenyewe: mwaka 2020 waliombwa kuidhinisha mfumo wenye kodi, leseni na haki ya kila mji kukataa maduka. Baadaye waliombwa kuidhinisha ombwe. Mtu anayependa utaratibu hukubali kwa urahisi zaidi kitu chenye utaratibu.

Walio katikati ya sheria mbili

Katika Sioux Falls wanaishi familia nyingi zilizotoka Kongo, Somalia na kwingine Afrika Mashariki. Wengi wanafanya kazi za viwandani na wanaishi kwa kadi ya kijani wakingojea uraia. Kwao mjadala huu una mtego ambao wanasiasa wa pande zote mbili hawakuutaja.

Kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970, bangi bado ni haramu hata katika jimbo lililoiruhusu. Kutoka Sioux Falls hadi mpaka wa Minnesota, ambako mtu mzima ameruhusiwa kuwa na bangi tangu Agosti 2023, ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Mzaliwa wa Marekani akivuka, akavuta, akarudi mikono mitupu, aghalabu yamekwisha. Asiye raia akikiri jambo hilohilo kwenye usaili wa uraia anaweza kunyimwa kwa kukosa mwenendo mwema. Mwongozo wa idara ya uraia na uhamiaji wa Aprili 2019 unasema hivyo waziwazi, na unamgusa hata mtu aliyeajiriwa katika duka la bangi lenye leseni halali ya jimbo. Kijana wa Kikongo anayepata kazi ya kufungasha bangi Minnesota huenda hajui kwamba mshahara huo unaweza kumgharimu uraia. Mwenye ndugu huko na amwambie mapema.

Maswali matatu, si moja

Hitimisho langu ni kwamba Dakota Kusini ilifungasha pamoja maswali yaliyopaswa kuulizwa moja moja. Mgonjwa apate dawa? Hilo liliulizwa peke yake, na karibu saba kati ya kumi walikubali. Sheria hiyo imedumu hadi leo licha ya gavana wa wakati huo kuipinga. Biashara ya bangi iruhusiwe? Hilo ni swali la kodi, afya na malezi, na watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu yake miaka mingi bila mtu kudhurika sana.

Swali la tatu ni la adhabu: je, mtu mzima afungwe jela kwa kuwa na bangi kidogo ya kutumia mwenyewe? Katika kura zote tatu za 2020, 2022 na 2024 hakuna hata moja iliyowauliza watu swali hilo peke yake. Lilikuja likiwa limebeba mzigo wa maduka, mimea na hempi, au likiwa limeachwa uchi kama ruhusa tupu. Mchungaji anayeamini kwamba bangi ni dhambi anaweza bado kuamini kwamba mwaka mmoja jela ni adhabu isiyolingana na msokoto. Sherifu anayeogopa madereva walevi anaweza bado kutaka seli zake zibaki kwa wezi na wanaowapiga wake zao. Mhafidhina wa aina zote mbili, wa maadili na wa uhuru, ana sababu ya kulijibu swali hilo hapana, asifungwe, bila kuisaliti imani yake.

Swali hilo linaweza kuandikwa kwa aya moja, na kanuni ya jambo moja haitalipinga kwa sababu kweli ni jambo moja. Saini zake zinaweza kutafutwa milangoni mwa makanisa na kwenye minada ya ng'ombe, mahali ambapo kampeni zilizogharimiwa kwa sehemu kubwa kutoka nje ya jimbo hazikukaa muda wa kutosha kusikiliza. Ni kazi ya polepole, inayodai mtu aketi na yule anayempinga mpaka aelewe anachokihofia. Wananchi waliojipa haki ya kujitungia sheria mwaka 1898 wanastahili kuulizwa kwa unyoofu, na wakishajibu, jibu lao liheshimiwe.